Enoch Sontonga, mtunzi ambaye kaburi lake lilipotea Johannesburg

Tarehe 21 Januari mwaka 2024 Taifa Stars ya Tanzania na Chipolopolo ya Zambia zilikutana mjini San Pedro, Côte d'Ivoire, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, na mchezo ukamalizika kwa sare ya bao 1-1. Kama ilivyo ada, mchezo wa namna hiyo hutanguliwa na nyimbo za taifa za pande zote mbili, na mtazamaji asiye wa ukanda wetu ana haki ya kudhani kwamba mitambo imekosea na kurudia wimbo ule ule. Tuni ni moja. Kinachotofautiana ni maneno, Kiswahili kwa Watanzania na Kiingereza au lugha za nyumbani kwa Wazambia. Mtu aliyeitunga tuni hiyo hakupata kufika Dar es Salaam wala Lusaka, na siku alipofariki dunia nchi zenye majina ya Tanzania na Zambia hazikuwapo.

Mtu huyo ni Enoch Mankayi Sontonga, mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya katika viunga vya Johannesburg, Afrika Kusini. Tumeona tuyasimulie maisha yake katika makala yetu ya leo kwa sababu moja ya wazi. Wimbo wa "Mungu Ibariki Afrika" unaimbwa na mamilioni ya wanafunzi wa Tanzania wakiwa mstarini, unaimbwa na jumuiya za Watanzania walioko ughaibuni kila ifikapo tarehe 9 Desemba, lakini ukiuliza nani aliutunga, wengi watatafuta jina hewani na wengine watamtaja Baba wa Taifa. Si kosa lao. Hata huko Johannesburg kwenyewe palipita takriban miaka tisini ambapo hakuna aliyeweza kuonyesha mahali mtu huyu alipolala.

Sontonga alizaliwa mwaka 1873 hivi katika mji wa Uitenhage, mkoa wa sasa wa Eastern Cape, mji ambao tangu mwaka 2021 umepewa jina la Kariega. Alikuwa Mxhosa. Elimu ya ualimu aliipata Lovedale, chuo cha wamisionari wa Kiskoti kilichofunguliwa mwaka 1841 na ambacho kwa miaka mingi kilikuwa ndicho kitovu cha kisomo cha Waafrika wa kusini mwa bara letu, wakifika hapo vijana wa makabila mbalimbali. Lovedale kilikuwa na kiwanda cha kuchapa vitabu, kilikuwa na mafunzo ya useremala na ushonaji, na kilikuwa na muziki mwingi.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa kuwa bila kuuelewa muziki wa Lovedale hatuwezi kumwelewa Sontonga. Wamisionari wa Kiingereza na Kiskoti katika karne ya 19 hawakuwafundisha Waafrika kusoma noti za mistari mitano, zile ambazo mpiga kinanda huziweka mbele yake. Waliwafundisha solfa, yaani muziki unaoandikwa kwa herufi za do, re, mi, mtindo ulioenezwa huko Uingereza na mchungaji John Curwen. Solfa haihitaji kinanda wala karatasi maalumu. Mtu mwenye kalamu na daftari la kawaida anaweza kuandika sauti zote nne za wimbo na kwaya ikaimba jioni hiyo hiyo. Wasomaji wetu waliopitia kwaya za makanisa ya Tanzania, Kenya au Uganda wanajua tunachokizungumza, maana mpaka leo walimu wengi wa kwaya wa kwetu wanaandika kwa njia hiyo hiyo. Wako waliosema kwamba solfa iliwafungia Waafrika mlango wa muziki mkubwa wa vyombo. Hoja hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo ni kwa mlango huo mdogo kwamba kizazi kizima cha watunzi Waafrika kilipita.

Wa kwanza kati yao alikuwa John Knox Bokwe, mtu wa Lovedale, aliyezaliwa mwaka 1855 na ambaye mwaka 1885 alichapisha kitabu cha nyimbo zake mwenyewe kwa Kixhosa. Sontonga alikuja nyuma ya Bokwe kwa karibu miaka ishirini, katika njia ambayo tayari ilikuwa imefyekwa. Alijua kwamba Mwafrika anaweza kutunga wimbo wa sauti nne na ukaimbwa kanisani bila kuomba ruhusa ya mtu.

Baada ya masomo alipelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, kusini magharibi ya Johannesburg, katika eneo ambalo miaka mingi baadaye lilimezwa na kitongoji cha Soweto. Alifundisha hapo kwa takriban miaka minane.

Johannesburg ya wakati huo haikuwa mji wa kawaida. Mwaka 1886 palikuwa ni mashamba ya makaburu na nyasi kavu. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka huo watu wakamiminika, na baada ya miaka kumi tu wakazi walikuwa wanakaribia laki moja. Waingereza, Wajerumani, Wayahudi kutoka Urusi, Wahindi, Wachina baadaye kidogo, na Waafrika kutoka Msumbiji, Nyasaland, Basutoland, Zululand na kwingineko. Serikali ilikuwa ya makaburu wa Transvaal chini ya Rais Paul Kruger, na Mwafrika katika mji huo alikuwa mtu wa kubeba pasi. Bila pasi alikamatwa. Hakuruhusiwa hata kutembea kando ya barabara pale wapitapo watu weupe kwa miguu, bali katikati pamoja na farasi na mikokoteni. Wachimbaji waliishi katika mabweni yenye kuta ndefu, wanaume watupu, wakiwa wameziacha familia zao mamia ya maili. Kwa wasomaji wetu walioko ugenini leo, wanaotuma fedha nyumbani na kuhesabu miaka, picha hiyo haihitaji maelezo mengi.

Ni katika mazingira hayo kwamba kijana huyu wa Uitenhage alikuwa akifundisha watoto kusoma, akiongoza kwaya, na kutunga. Alikuwa pia mshairi, na alikuwa mpiga picha, kazi ambayo kwa Mwafrika wa miaka ile ilikuwa nadra sana. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji aliyejulikana sana wa kanisa la African Methodist Episcopal, na walijaliwa mtoto mmoja wa kiume. Yeye mwenyewe alikuwa mhubiri, ingawa si mchungaji, katika kanisa la Mchungaji Pambani Mzimba. Huyo Mzimba alikuwa mchungaji wa Lovedale ambaye mwaka 1898 alijitenga na Waskoti na kuanzisha kanisa lililoongozwa na Waafrika wenyewe. Kwa maneno mengine, mshahara wa Sontonga ulitoka kwa Wamethodisti wa Uingereza, ibada yake ilikuwa kwa Wapresbiteri Waafrika waliojitenga, na mkwewe alikuwa mchungaji wa kanisa la Wamarekani Weusi. Hatudhani kwamba hilo lilikuwa jambo dogo. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Transvaal na Cape, Waafrika wengi walikuwa wakiuliza swali moja: kama Mungu ni wa wote, kwa nini kanisa lake liwe na msimamizi mweupe siku zote? Swali hilo lilianza kanisani kabla ya kuingia katika siasa, na wimbo wa Sontonga ulizaliwa katikati yake.

Kwaya yake ilikuwa ikizunguka na kufanya maonyesho Johannesburg na hata Natal. Nyimbo walizoimba zilikuwa zake mwenyewe, na waliozisikia walizikumbuka kama nyimbo za majonzi, zenye kusimulia mateso ya Waafrika wa mji wa dhahabu. Alikuwa akizitunga kwa ajili ya wanafunzi wake, na kuziandika kwa solfa katika daftari. Alikusudia kuzichapisha siku moja. Hakuwahi.

Mwaka 1897 alitunga wimbo alioupa jina la "Nkosi Sikelel' iAfrika". Ulikuwa ni ubeti mmoja na kiitikio, kwa Kixhosa, kwa sauti nne, katika ufunguo wa B fleti. Hakuna dalili kwamba alikuwa akifikiria taifa lolote. Lilikuwa ni ombi la kwaya ya shule kwa Mungu, aibariki Afrika na kuisikia sala ya watu wake. Katika maneno yake mna taswira ya pembe inayoinuliwa juu, ambayo mtu aliyesoma Zaburi ataitambua mara moja, na ambayo Mxhosa asiyesoma chochote naye ataielewa kwa kuwa ni mtu wa ng'ombe. Kiitikio kilimwita Roho Mtakatifu ashuke. Sehemu hiyo ya Roho Mtakatifu Watanzania hawanayo katika wimbo wao, na Waafrika Kusini nao hawanayo tena katika wimbo wao rasmi wa sasa, imebaki makanisani.

Kwa upande wa muziki, tuni hii ni nyepesi kwa namna ambayo mtu huweza kuidharau. Hatua zake ni fupi, sauti haipandi mno wala kushuka mno, na vifungu vyake vinajirudia. Hilo ndilo linalomwezesha mtoto wa darasa la kwanza kuishika na halaiki ya watu elfu hamsini kuiimba bila mazoezi. Sauti ya chini kabisa, ile ya besi, inatembea taratibu kama ilivyo katika tenzi za Kimethodisti, lakini namna ya kujirudia na kuitikiana ni ya nyimbo za kienyeji za huko kusini. Aidha, kuna jambo moja ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tunalinufaika nalo bila kulijua. Kixhosa, kama Kiswahili, huivuta silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Mtunzi alipoweka noti ndefu mahali pa kuvuta, aliwawekea tayari nafasi wale waliokuja kupachika maneno ya Kiswahili zaidi ya miaka sitini baadaye. Mwimbaji wa Kizambia akiimba kwa Kiingereza hulazimika kuyakunja maneno, Mtanzania hahitaji.

Wako wataalamu waliodai kwamba Sontonga aliichukua tuni hiyo kutoka "Aberystwyth", tuni ya mtunzi wa Wales Joseph Parry iliyotoka mwaka 1879 na kupendwa sana na Wamethodisti. Kwamba mwalimu wa shule ya Kimethodisti aliijua tuni hiyo, inawezekana sana. Lakini tukizisikiliza mbili hizo kwa utulivu, ile ya Wales iko katika ngazi ya maina, yenye kiza na huzuni, na hii ya Nancefield iko katika meja, imefunguka kama asubuhi. Kufanana kwa vipande vya hapa na pale ni jambo la kawaida kwa watu wanaoimba kutoka kitabu kimoja cha tenzi, na hatuoni kwamba madai hayo yanamwondolea mtunzi haki yake. Tunaongeza kwamba ni mara chache kusikia watunzi wa Ulaya wakidaiwa hesabu ya namna hiyo.

Wimbo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1899, katika ibada ya kumweka wakfu Mchungaji Boweni, mchungaji wa Kimethodisti wa kabila la Watsonga, ambao wengi huwaita Washangaan. Ombi la Mxhosa kwa ajili ya Afrika, likiimbwa kwa heshima ya Mshangaan, katika mji ambao serikali na makampuni ya migodi yaliwapanga watu kwa makabila. Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, vita kati ya makaburu na Waingereza vikaanza, migodi ikafungwa, na maelfu ya Waafrika wakaondoka Johannesburg kurudi makwao, wengine kwa miguu. Vita vilikwisha mwaka 1902 kwa ushindi wa Waingereza. Waafrika waliotumaini kwamba utawala wa malkia ungeziondoa pasi walingoja bure.

Mwaka 1904 ugonjwa wa tauni ulizuka katika mtaa wa Wahindi na Waafrika karibu na katikati ya jiji. Mohandas Gandhi, aliyekuwa wakili kijana mjini humo, alikuwa miongoni mwa waliowauguza wagonjwa. Wakuu wa jiji waliuteketeza mtaa huo kwa moto, na Waafrika wakahamishiwa Klipspruit, jirani na Nancefield, pembeni ya shamba la kumwagia maji machafu ya jiji. Huo ndio mwanzo wa kile kilichokuja kuitwa Soweto. Mwalimu wa kwaya wa eneo lile hakuwa na haja ya kwenda mbali kutafuta sababu za nyimbo za majonzi.

Tarehe 18 Aprili 1905, Enoch Sontonga alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 32 hivi. Taarifa ya kifo chake ilitoka katika Imvo Zabantsundu, gazeti la Kixhosa lililoanzishwa na John Tengo Jabavu mwaka 1884, na hilo linaonyesha kwamba alikuwa mtu anayejulikana miongoni mwa wasomi wenzake. Lakini kujulikana huko hakukuwa na thamani mbele ya karani wa makaburi. Alizikwa Braamfontein, katika makaburi makubwa ya jiji, upande uliotengwa kwa ajili ya Waafrika.

Mjane wake, Diana, aliachwa na mtoto na daftari. Inasimuliwa kwamba aliuza haki za wimbo ule kwa peni sita, yaani nusu shilingi, au sumni kama walivyozoea kuiita wazee wetu. Alifariki mwaka 1929. Hatuwezi kumlaumu. Mwaka ule alipouza, kama ndivyo ilivyokuwa, ulikuwa ni wimbo mmoja tu kati ya nyingi za mumewe, na sumni ilinunua mkate. Daftari lenyewe lilikuwa likiazimwa na walimu wa kwaya wa huku na huku, kila mmoja akinakili alichokitaka, na kwa njia hiyo nyimbo zikasambaa bila jina la mtunzi.

Kilichofuata ni safari ya wimbo, na wimbo ulikwenda mbali kuliko mtunzi. Tarehe 8 Januari 1912, viongozi wa Waafrika kutoka kila pembe ya Afrika Kusini walikutana Bloemfontein kuanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC, wakamchagua John Dube kuwa rais wao wa kwanza. Baada ya sala ya kufunga mkutano waliimba wimbo wa Sontonga. Dube alikuwa na shule yake huko Ohlange, Natal, na kwaya ya shule hiyo chini ya Reuben Caluza ndiyo iliyoueneza zaidi kwa maonyesho yake, hata huko Johannesburg ulikotoka. Mwezi Oktoba mwaka 1923, Sol Plaatje, mwandishi na katibu mkuu wa kwanza wa chama hicho, aliuimba na kurekodiwa katika sahani ya santuri mjini London, Sylvia Colenso akimpigia piano. Plaatje alikuwa amekwenda Uingereza kulalamikia sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliyowanyang'anya Waafrika mashamba. Malalamiko yake hayakusikilizwa. Santuri ilibaki.

Mwaka 1925 ANC iliufanya kuwa wimbo wake rasmi wa kufungia mikutano. Miaka miwili baadaye mshairi mkubwa wa Kixhosa, Samuel Mqhayi, aliuongezea beti saba, zikachapishwa na kiwanda cha Lovedale, pale pale Sontonga alipojifunza solfa. Mwaka 1942 ukapata toleo la Kisotho la Moses Mphahlele. Kuanzia hapo haukuwa tena wimbo wa Waxhosa.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, tuni hiyo ikiwa na maneno ya Kiswahili ndiyo iliyokuwa wimbo wa taifa jipya, na baada ya Muungano wa mwaka 1964 jina la Tanganyika katika ubeti wa pili liliondolewa likawekwa la Tanzania. Wenzetu wa Kenya walipita njia nyingine. Mwaka 1963 walichukua tuni ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, wakautengeneza kuwa wimbo wao. Wakenya hujivunia, kwa haki, kwamba wimbo wao umetoka nyumbani. Watanganyika waliamua kuazima, na kuazima huko kulikuwa na maana yake: walichukua wimbo wa watu ambao walikuwa bado hawako huru. Mwaka mmoja kabla, polisi wa Afrika Kusini walikuwa wamewapiga risasi waandamanaji wa kupinga pasi huko Sharpeville na kuwaua 69, na ANC ilikuwa imepigwa marufuku. Mwezi mmoja baada ya uhuru wa Tanganyika, Januari 1962, Nelson Mandela alitoka kwa siri nchini kwake na kufika Dar es Salaam, ambako alikutana na Mwalimu Nyerere. Alikuta wimbo wa kufungia mikutano ya chama chake kilichopigwa marufuku ukiwa ni wimbo wa dola.

Wakimbizi wa ANC walioishi Tanzania katika miaka iliyofuata, wale wa kambi ya Kongwa, wale wa mkutano wa Morogoro wa mwaka 1969, na vijana wa shule ya Mazimbu iliyojengwa baada ya maasi ya Soweto ya mwaka 1976, waliishi na jambo hilo kila siku. Mwenyeji akiimba wimbo wake wa taifa, mgeni naye alikuwa anaimba wa kwake. Wazee wengi wa Morogoro wanakumbuka Waafrika Kusini wakiongeza sauti za besi pale ambapo sisi huimba kwa sauti moja.

Zambia ikauchukua mwaka 1964. Zimbabwe iliutumia tangu uhuru wa mwaka 1980 hadi mwaka 1994 ilipojitungia wa kwake, na Namibia iliutumia kwa muda mfupi kuanzia mwaka 1990 hadi 1991. Cha ajabu ni kwamba hata Transkei, mojawapo ya vile vinchi bandia vya ubaguzi wa rangi ambavyo karibu dunia nzima ilikataa kuvitambua, iliutumia pia. Na ndugu zetu walioko Finland wanaweza kuikuta tuni hiyo katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kilutheri la nchi hiyo, wakishangaa asubuhi ya Jumapili wamesimamishwa na wimbo wa taifa.

Nyumbani kwake wimbo ulingoja hadi mwaka 1994, Mandela alipoapishwa kuwa rais na nchi ikawa na nyimbo mbili za taifa kwa pamoja, huu na ule wa Kiafrikaana wa utawala uliokwisha. Mwaka 1997 ziliunganishwa kuwa wimbo mmoja wa lugha tano, kazi iliyofanywa na kamati ya wanamuziki wakiwemo Profesa Mzilikazi Khumalo na mtunzi Jeanne Zaidel-Rudolph, wote wa Johannesburg. Wimbo huo unaanzia katika ufunguo mmoja na kuishia katika mwingine, jambo ambalo ni nadra kwa nyimbo za taifa. Wapo Waafrika Kusini ambao mpaka leo hawakupenda ombi la Sontonga kufungwa nira moja na wimbo wa makaburu. Sisi tunawaelewa, ingawa tunakubali kwamba Mandela alikuwa na nchi nzima ya kuitunza.

Wakati hayo yakitokea, swali la aibu lilikuwa halijajibiwa: mtunzi amezikwa wapi? Katikati ya miaka ya 1990 wasimamizi wa makaburi ya Johannesburg na wa kumbukumbu za taifa walianza kumtafuta kwa dhati. Ilijulikana kwamba yuko Braamfontein, lakini sehemu ya Waafrika haikuwa na mawe ya makaburi ya kusomeka. Ilikuwa ni nyasi tu. Walipekua vitabu vya mazishi wakitafuta jina la Sontonga na hawakulikuta. Kumbe kosa lilikuwa katika kutafuta jina la ukoo. Karani wa mwaka 1905 hakujishughulisha na jina la ukoo la Mwafrika. Alikuwa ameandika "Enoch", basi. Walipoanza kutafuta kwa jina hilo, wakalinganisha na tarehe ya kifo iliyojulikana na mpangilio wa makaburi ya miaka ile, ndipo mahali pake palipopatikana.

Tarehe 24 Septemba 1996, siku ya Urithi nchini Afrika Kusini, kaburi hilo lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Rais Mandela alifika mwenyewe kuzindua mnara, jiwe jeusi la graniti lenye umbo la mchemraba, na kumtunuku marehemu nishani ya dhahabu ya utumishi uliotukuka, ambayo ilipokelewa na mjukuu wake. Barabara inayopita jirani na makaburi hayo imepewa jina la Enoch Sontonga. Ni mwendo mfupi kutoka Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na Mtanzania au Mzambia anayesoma au kufanya kazi Johannesburg anaweza kufika kwa miguu.

Nyimbo zake nyingine ndizo hatunazo. Lile daftari, baada ya kuzunguka kwa walimu wa kwaya, liliangukia mikononi mwa jamaa mmoja wa ukoo, bibi wa Soweto ambaye inasemekana hakuwa akikosa pambano lolote la ndondi. Alifariki karibu na wakati ule ule ambapo serikali ilikuwa ikimtambua Sontonga kuwa shujaa wa taifa. Daftari lilitafutwa, na mpaka leo halijaonekana.